Kibanda cha Mlinzi wa Membe

Jumatatu, 14 Julai
Nimevuka kisiwani asubuhi kama kawaida. Nguo zimelowa mpaka kifuani. Membe wamejaa, hakuna pa kukanyaga. Wanataga chini tu, kwenye mchanga na chini ya majani, yai moja au mawili. Ukisogea wanakushukia kichwani. Leo mmoja amenidonoa juu ya mtandio. Nilistahili.

Kibanda cha mlinzi kimeisha. Makuti mapya kutoka Mbwajumali, nimeyachagua mwenyewe ghalani. Mlinzi ni Shee, ndugu yangu mdogo, ameacha nyavu zake akae huku. Huu ndio mwaka wa kwanza kina mama wa Kiwayu hawaji kuchukua mayai. Nimewabembeleza tangu Ramadhani. Wamekubali kwa sharti: nikishindwa, nisiwatajie tena habari za ndege maisha yangu yote.

Alhamisi, 24 Julai
Maganda. Maganda kila mahali, upande wote wa kibanda. Mayai yamepasuliwa, yamelambwa ndani.

Shee anasema hajui. Alikuwa amelala. Mlinzi gani huyu?

Nimemwita mwizi. Mbele ya watu wa mashua.

Ijumaa, 25 Julai
Habari imenitangulia kijijini. Baada ya sala ya Ijumaa wanaume wamekaa barazani wanamwita ndugu yangu Kicheche, yule mnyama mwizi wa mayai. Wanacheka. Mimi sicheki. Kisiwani analala yeye peke yake. Nani mwingine?

Jumapili, 27 Julai
Nimekwenda bila kumwambia, nimfumanie. Nimemkuta Shee amechutama juani, anarudisha kinda kwenye kivuli kwa jani, asilishike kwa mkono. Hajaniona. Hatua chache nyuma yake, mchana kweupe, panya ameburuta kinda jingine mpaka chini ya kibanda. Kinda lilikuwa bado linalia.

Panya! Kisiwa hakina maji, hakina mti. Hakijapata kuwa na panya tangu kuumbwa.

Nimevuta kuti moja kwenye paa. Vimeanguka miguuni mwangu vitoto vya panya, vyekundu, havijafumbua macho. Nimepiga ukelele mpaka Shee akaruka.

Makuti yangu. Yale niliyoyachagua mimi, kwenye ghala lenye mahindi. Nyumbani matita hufunguliwa, makuti yakapigwapigwa chini kabla ya kupandishwa paani, kila mtu anajua. Na akibaki panya, paka wanammaliza. Siku ya kuyaleta mawimbi yalikuwa yanaipiga mashua, nikawahimiza watu: tupeni ufukweni, tupeni tu. Wakatupa matita mazima mazima.



Jumanne, 29 Julai
Nimekieleza kikundi chetu cha kulinda ndege kila kitu. Halafu Bwana Kombo, mweka hazina wetu, akashauri tupeleke paka wawili kutoka mtaa wa Langoni, wale wakubwa. Mtu mzima, ana wajukuu! Paka kisiwani kwa membe ni fisi kupewa bucha. Nimemjibu vibaya na sijutii.

Lakini Bi Maua hakucheka wala hakukasirika. Ameokota mayai kule tangu usichana wake, na mamake kabla yake. Alisema taratibu: "Sisi tulitwaa mayai, tukaata mengine pale pale, na membe wakirudi. Nyinyi mumeyalinda, mumeyamaliza."



Alhamisi, 31 Julai
Kibanda tumekibomoa, kila kuti limerudi kwa mashua ndani ya maturubai. Mitego imewekwa, chambo nazi ya kuchoma. Imekamata panya, si wote. Waliobaki wako ndani ya mawe. Ndege hawatulii. Wanaruka wote pamoja, wanazunguka, wanatua, wanaruka tena. Shee anasema jua likizama wanaondoka kabisa, wanarudi asubuhi, na mayai yamepoa.

Jumatatu, 4 Agosti
Wameondoka.

Wote. Maelfu ya ndege, jana walikuwapo. Leo upepo tu. Nimekanyaga popote nilipotaka. Mayai yapo, baridi kama kokoto. Makinda machache yalifungua midomo kila kivuli changu kilipopita. Yalidhani mimi ni mama.

Shee alikaa juu ya jiwe akafunika uso. Nilitaka kumwomba radhi, nikalia badala yake.

Jumanne, 5 Agosti
Sijatoka ndani.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekwenda barazani mwenyewe, mwanamke katikati ya wanaume, nikasema: Shee hakula yai hata moja, panya niliwaleta mimi. Hakuna aliyenitazama usoni. Bwana Kombo akaniletea kiti.

Jumamosi, 30 Agosti
Bahari imetulia kidogo. Shee amerudi kwenye uvuvi. Adhuhuri amepita kwangu na jodari mdogo.

Amewaona membe, mbali nje ya mwamba, wanapiga mbizi juu ya kundi la samaki. Miezi hii kila membe mkubwa huwa na mtoto nyuma yake, analia kuombea chakula mpaka ajue kuvua. Nikauliza watoto je.

"Wakubwa tu, dada. Hakuna hata mtoto mmoja."

Nimemwomba radhi, mara hii kwa maneno. Akasema yameshapita, akaniuliza mitego iko wapi. Kesho anapita kisiwani kabla ya kutega nyavu, na keshokutwa, na mpaka msimu ujao ikibidi, panya wasiwepo membe wakija. Wakija. Hakuna aliyemtuma. Nimemtolea mitego, akaipanga mashuani na mimi nikamshikia kamba.