Baba, Mahindi ya Zuhura Yamekolea Kuliko Yangu

Baba,

Shikamoo. Nianze na lile ambalo ungeuliza kwanza: shamba la Kimbiji lipo. Wadogo zangu walitaka tuliuze mara tu baada ya arobaini yako, nikakataa, nikasema nitalilima mimi. Walicheka kidogo. Tangu ulipostaafu ubwana shamba ukahamia huko, mie nilikuwa nakuja mara tatu au nne kwa mwaka, na viatu vyangu vya shule, nakaa barazani mpaka muda wa kurudi kwangu Madale.

Sikulichukua kwa upendo tu, Baba. Nililichukua ili Zuhura asilipate.

Siku ya mazishi, huyo jirani yako wa mpakani alilia kuliko mimi. Watu wakawa wanampa pole yeye kwanza. Mama mmoja wa kanisani akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule ndiye binti yako mkubwa. Nikamjibu kwamba binti mkubwa ni mimi. Akasema samahani, lakini macho yake yakamrudia Zuhura. Siku ile kuna kitu kilinikaa kifuani, na hakijatoka.

Masika ilipoanza nikapanda. Nilijiamini. Mie ni mwalimu wa kemia, nitrojeni naiandika ubaoni kila mwaka, na Zuhura aliishia darasa la saba, atanishinda nini? Mbolea ya kukuzia nikaimwaga yote siku ile ile ya kupanda, kwa mkono, juu ya mchanga, ili nisisafiri tena katikati ya muhula. Jua lilikuwa kali na ardhi ina unyevu. Baada ya muda shamba likaanza kutoa harufu kali ya kukata pua, kama choo cha shule. Pale pale nilipaswa kuelewa kwamba ninachokinusa ndicho nilichokinunua, kinapaa. Kilichobaki kikakutana na mvua ya siku tatu mfululizo.

Mahindi yalipofika magotini yakaanza kuwa ya njano. Ilianzia kwenye ncha za majani ya chini, ikaingia ndani kufuata mshipa wa katikati. Ng'ambo ya mpaka, hatua moja tu, mahindi ya Zuhura yalikuwa ya kijani iliyokolea mpaka inaelekea weusi. Mchanga ule ule, mvua ile ile. Nilisimama pale nikayachukia, Baba. Niliomba ngedere wayaingie. Mtu mzima, mwalimu, nasimama shambani naomba ngedere.

Ndipo nikakumbuka mifuko miwili ya mbolea niliyoiona bandani kwako mwaka jana. Nilipofungua banda baada ya msiba haikuwepo. Sikuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwambia Zuhura amechukua mbolea ya marehemu, na ushahidi uko shambani kwake, unaonekana hata kwa mbali.

Mwenyekiti alikuja jioni ile ile, akamwita. Zuhura alikuja na kanga kiunoni na mikono ina udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atapayuka, hakupayuka. Alimgeukia mwenyekiti, siyo mimi.

"Ile mbolea mzee aliitumia mwenyewe, vuli," alisema. "Mie nilimshikia ndoo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, alikuwa anaimwaga pembeni."

Baba, sikujua kwamba mikono yako ilikuwa inatetemeka.

Nilikuja Novemba. Nilikaa barazani kwako saa nne nzima, uliniletea dafu, na sikuona. Pale mbele ya mwenyekiti sikuona aibu ya kusingizia mtu, hiyo ilikuja baadaye. Kilichoniuma ni kwamba yeye aliijua ile mikono na mie sikuijua.

Zuhura akachukua jembe langu, akachimba pembeni ya mhindi mmoja, taratibu, asiukate. Mizizi ilikuwa mifupi, haizidi kiganja. Akaendelea kuchimba mpaka kwenye mchanga wa chini uliolowa. Akaniambia mbolea yangu haikuibwa na mtu, ilishuka huko na maji wakati mizizi bado midogo, haina uwezo wa kuifuata. Kisha akasema kitu ambacho hakikuwa chake.

"Mahindi hayali mbolea, mwalimu. Yanainywa."

Nilikutambua papo hapo. Mpangilio ule wa maneno ni wako, hata pale pa kupumua. Na ni kweli kabisa: mzizi hauokoti punje, unavuta kile kilichoyeyuka kwenye maji. Nimefundisha jambo hilo kwa maneno mengi sana, na sijawahi kulisema vizuri hivyo. Hukuniambia mimi. Ulimwambia yeye.

Mwenyekiti alinitaka nimwombe radhi, nikamwomba. Nilidhani yameisha. Kesho yake asubuhi, ardhi ikiwa na unyevu wa mvua ndogo, Zuhura akavuka mpaka na nusu mfuko wa mbolea aliyobakiza. Alisema mahindi hayajachanua mbelewele, bado yana kiu, tukiwahi yataokoka. Ningeweza kukataa. Nilitaka kukataa.

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Yeye mbele anatoboa shimo kiganja kimoja kutoka kwenye shina, anaweka mbolea kizibo kimoja cha soda. Mie nyuma nafukia kwa mguu, isiachwe juani. Kila baada ya mistari miwili ananipa neno lako. Kwamba mtoto wa siku moja hapewi ugali, kwa hiyo mbegu haihitaji mbolea nyingi siku ya kwanza. Kwamba mhindi huwa na kiu kubwa kuanzia magotini mpaka unapochanua. Kwamba nchi ya mchanga ni mfuko uliotoboka, usiweke vyote kwa pamoja. Mie nafukia na nahesabu. Kila neno moja ni asubuhi moja uliyokaa naye.

Na kuna Pasaka moja, Baba, ambayo siwezi kuiruka. Uliniita shambani, ulikuwa umeshika jembe, ulitaka kunionyesha mizizi. Nikakwambia, "Baba, hayo nafundisha." Ukaegemeza jembe ukutani, ukaenda kuinjika chai. Hukuniita tena. Kwa hiyo nimwonee wivu kwa nini, kwa kuokota nilichokitupa? Najua. Lakini kujua hakujanisaidia.

Mahindi yaliokoka. Majani mapya yalitoka ya kijani; yale ya chini yaliyokwisha kuwa njano hayakurudi. Nilivuna gunia tano, Zuhura kumi na moja. Nimekula ugali wa shamba lako na ulikuwa mtamu.

Siku ya kupukuchua tulikaa kwenye ukumbi wake, mie na yeye na rundo katikati. Akaniuliza kwa nini njano ianzie jani la chini, wakati la juu linabaki kijani. Nilidhani ananipima.

"Nilimuuliza mzee mara mbili," alisema. "Akasema, 'Hilo muulize binti yangu Tumaini. Mie najua linavyotokea, yeye ndiye anayejua kwa nini.' Kila swali la maana lilikuwa la Tumaini. Nilikuwa nakuonea wivu, mwalimu, kabla hata sijakujua."

Aliendelea kupukuchua kana kwamba amesema habari za mvua.

Jibu ninalo. Nitrojeni ikipungua ardhini, mmea haungoji. Unaivunja ile iliyomo kwenye majani ya zamani na kuipandisha juu, kwa jani linalochipua. Jani la chini linageuka njano kwa sababu limetoa kilichokuwa chake. Basi. Ni jambo la dakika moja.

Sikumwambia. Nilisema ni habari ndefu, nitakuja siku nyingine nimweleze. Wiki mbili zimepita, nimepokea simu yake mara moja, tukazungumzia mbegu za vuli. Naogopa, Baba. Nikishampa hilo, nitabaki na kitu gani chako ambacho yeye hana?

Lakini uliniachia kazi, na uliisema mbele yake, siwezi kuikimbia. Jumamosi nitakwenda Kimbiji. Nitamweleza vizuri, kwa maneno mafupi, kama ambavyo ungesema wewe. Halafu nitamwomba anieleze habari za mikono yako, tangu ilipoanza kutetemeka.

Pumzika, Baba. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nitaitimiza. Leo ni Jumatano. Hizi siku tatu niachie, niwe na jibu lile peke yangu.

Mwanao mkubwa,
Tumaini