Ukizidiwa, Unamwambia Nani?

Jumanne, Tunduma. Upepo wa baridi tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno.

Sijui nianzie wapi. Leo nimelia mbele ya mhojiwa wangu.

Huu ni mwaka wangu wa nne wa shahada ya uzamivu. Natafiti akina mama wanaouza nafaka hapa mpakani, jinsi wanavyobeba biashara na familia kwa pamoja. Sura ya tatu msimamizi wangu ameirudisha mara tano. Mara ya mwisho aliandika neno moja tu pembeni: "Dhaifu." Nimelisoma neno hilo mpaka nikaanza kudhani linanihusu mimi, si sura.

Nywele zinanyonyoka. Chakula nakitafuna kama mchanga. Mama akipiga simu kutoka Ihanda namwambia, "Niko vizuri, mama, nasonga mbele," kisha nakaa kitandani na viatu miguuni hadi jua linahama ukutani.

Namdanganya mama yangu. Kila siku.

Basi leo nilikuwa kwa Mama Sekela, mjane anayeuza maharage, anayeongea huku mikono yake ikichambua. Tukafika swali la saba: ukizidiwa, unamwambia nani? Akajibu bila kufikiri: wenzake wa kwaya. Kisha akaniangalia.

"Na wewe je, mwalimu? Unamwambia nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu.

Halafu yakaja machozi, na kamasi, daftari likalowa. Wateja wawili wakageuza nyuso kwa adabu. Mama Sekela akaniingiza stoo, akaniketisha juu ya gunia. "Pole, mayo," akasema, yaani mama, kama anavyowaita wateja wake kutoka ng'ambo ya mpaka. Hakuniuliza tena.

Nikamwambia jambo ambalo hata humu kwenye shajara sijawahi kuliandika: kwamba wiki iliyopita, nikivuka barabara kuu, nilijikuta natamani nisifike upande wa pili.

Nilidhani atanikemea, au ataniombea harakaharaka ili niondoke. Akavua aproni.

"Twende hospitali."

Nikasema siumwi.

"Unaumwa. Mimi nilikuwa hivyohivyo baba Sekela alipofariki. Miezi sita nikidhani ni uvivu."

Tukakaa wote kwenye benchi la hospitali, duka lake limefungwa siku ya wateja wengi, mkono wake juu ya goti langu. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Hakunishangaa. Alisema huu ni ugonjwa na una tiba, nirudi Alhamisi tuongee tena. Akauliza leo nitalala kwa nani.

"Kwangu," akasema Mama Sekela.

Jioni nimempigia mama. Nimemwambia yote, mpaka la barabarani. Akasema, "Hayo masomo yako mimi siyajui, mwanangu. Wewe ndiye ninayekujua. Kesho nakuja."



Naandika haya jikoni kwa Mama Sekela. Amesonga ugali, nimekula nusu sahani, naye amejifanya haoni iliyobaki. Bado nimechoka, uchovu ule usioisha kwa kulala. Sijui kama nitaimaliza tasnifu hii. Sijui kama nitathubutu kumwandikia msimamizi kwamba naomba kusimamisha masomo kwa muda, au ataliona hilo nalo ni udhaifu. Hata Alhamisi naiogopa.

Ila asubuhi mama anapanda gari. Nitaenda kumpokea stendi hivihivi nilivyo.