Picha ya Ukuta Wetu

Dzaleka, Jumanne

Yaya Solange, dada yangu,

Ukuta wa sebule nimeupaka chokaa mwenyewe. Mafundi wa huko Lilongwe wanalipisha hata ushauri, kwa hiyo niliweka picha yake, pamoja na fremu ya Papa iliyotundikwa hapo, kwenye kundi la WhatsApp la mapambo ya nyumba, na mama mmoja akanishauri mapazia ya kijani. Nikamshukuru, nikataja na kwamba tuko hapa kambini Dzaleka. Kisha mwanaume nisiyemjua akaandika: "Huyo baba kwenye fremu njo Ezechiel wa Uvira! Kumbe angali muzima? Tutakuja kumusalimia."

Yaya, ni wale waliokuwa wakimwinda Papa hadi tukakimbia Uvira. Picha nimeifuta, lakini wameshaiona.

Barua hii anakuletea Papa mwenyewe, nimeifunga kwa gundi. Nimemdanganya kwamba unaumwa, ili aondoke huku haraka. Usimruhusu arudi. Ukweli mwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Mdogo wako mwenye hofu,
Gabriella