Wilkista Alitoa Ushuhuda

Amollo, Wilkista wa ofisini kwetu ametumaliza. Ametumaliza kanisani, mbele ya watu wote!

Unajua yale maelezo ya madereva waliopigwa na askari hapa mpakani. Tuliyafunga kwa ile programu ya siri ndani ya kompyuta ya ofisi. Bila neno la siri hakuna fundi wa kuyafungua. Ijumaa askari wakabeba kompyuta, mimi nikalala bila wasiwasi.

Leo Wilkista anasimama kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Wamebeba kompyuta, lakini Mungu alinipa neno la kuifunga, Zaburi tisini na moja. Hawafungui!"

Watu wakapiga makofi. Makofi, Amollo! Na bibi ya mkubwa wa askari ameketi mbele, anapiga pia.

Nikamvuta nje. "Mama, umesema nini?"

"Mzee, si nimempa Mungu utukufu?"

Utukufu! Yule bibi hakungoja hata sadaka.

Sasa hivi wamemchukua Titus, yule dereva wa lori aliyetoa maelezo ya kwanza. Kwa hivyo wamefungua.

Maelezo yanayofuata ya Titus ni yako. Usirudi nyumbani kuchukua nguo. Toka Malaba, vuka mto sasa.