Ile Kona Uliyofunga na Kitenge

Basi Zaituni, mi njo nimewaita, si mutu mwingine. Wanarudi leo, wale wa parke ya wanyama, na wamama wote wa mafunjo wamenikasirikia. Hata Mama Shukuru, ule mwenye kucheka na mabega. Asubui nimemusalimia, akaangalia ukuta. Ukuta, Zaituni! Mi nilimushikia mutoto wake wa kwanza akizaliwa.

Riziki anasema nianze muzuri, niko naruka ruka. Ni Riziki anaandika, muke wa mutoto wangu, leo hana zamu kwa hospitali. Mi sijui herufi hata moja na we ulijua za Korani tu, sasa nani atakusomea uko, Mungu njo anajua. Andika na iyo, Riziki. Andika yote.

Tangu tukuzike, mengi imebadilika. Maji ya ziwa ilipanda tena, ikarudi. Njia yetu ya kwenda Rusizi imekatika katikati, tunazungukaga kwa kiwanda cha matofali. Mikeka watu wanataka bado, lakini ya plastiki imejaa soko, ya rangi rangi, inateleza kama samaki. Kwa hitima yako walitandika ile yetu mikubwa, ile tulisuka wawili ukiwa unakohoa. Mi nilikaa pa kona ya mukeka yenye ulisuka we. Mutu alitaka kukaa, nikasema apana, pana mutu.

Basi. Siku moja wakaja watu wa parke na karte, ile ramani yao. Serikali inataka kuongeza parke, ile ya viboko, lakini hawawezi kuchukua kila fasi, kila pahali. Kwenye karte waliweka alama ine, watachagua moja. Na bwawa letu la mafunjo ni moja ya izo ine! Mi nilifikiri wanachaguaga tu mule wanapenda, wanakaa kwa biro, ofisini, na kalamu. Kumbe apana. Wanatembea na miguu. Kati yao kuko na mama mumoja, muvivu wa kuongea lakini anasikilizaga, njo alinielezea. Wanaangalia kama mnyama anazaa pale pale, maana kupita tu, hata mi napitaga mutaa wa Kigobe na siishi Kigobe. Wanaangalia kama fasi inagusana na parke ya zamani, mnyama atembee bila kukuta barabara. Halafu wanaangalia watu: nani anatumia ile fasi, na anaitumia namna gani.

Sisi tukasikia neno parke tu. Mama Shukuru akainua kisu chake cha kukatia mafunjo, akasema, «Wakichukua, muhoro yetu tutakatia nini, nywele?» Tukacheka, lakini tuliogopa. Njo tukafanya ujinga, Zaituni. Tukasema, wakikuta fasi tupu hawataitaka. Tukakata yote. Juma nzima, wamama wote, mafunjo mabichi, hata ile haijafika kusukwa. Ilioza kando ya njia. Mi nilikata kama wengine, sitakudanganya, we ulinijuaga nikidanganya nagusa sikio.

Ikabaki kona yako.

We ulikuwa unaifungaga kila kiangazi, kipande ya kitenge kwa fito huku, kingine kule. Ulitaka tukate upande moja, upande mwingine upumuzike, na kona ile mutu asiguse mpaka ndege amalize. Ulisemaga, «Mwenye anataka kukata apa, anikate mi kwanza.» Basi ulikuwa umekufa, nikaingia na muhoro. Nikakata mara moja. Mara moja tu. Umusambi, ule ndege murefu, akaruka mbele ya uso wangu, na taji yake ya dhahabu, na ile sauti. Chini mayai mawili. Nikakaa mu maji na nguo yangu yote. Nililia, lakini zaidi niliona haya. Nikarudishia majani juu, nikatoka, nikawaambia wamama kule kuko nyoka mukubwa. Wakaniamini. Nilikuwa nagusa sikio, hakuna mwenye anajua ile isipokuwa we.

Watu wa parke wakaja, wakaona visiki tu, kwa kona yako hakuna aliyewapeleka. Wakaandika, hakuna kitu apa. Sisi tukapiga vigelegele kwa njia, wajinga kabisa. Kisha siku ingine, akaja bwana mumoja na vijiti na kamba. Tukamuuliza anapima nini. Akasema, «Viwanja. Si wameandika hakuna kitu apa?» Atakausha bwawa, ajaze udongo, watu wajenge.

Unaona? Tulifikiri ni parke ao sisi. Kumbe ni parke ao nyumba, na sisi hatukuwa mu karte yoyote.

Njo nikamutuma Riziki kwa ule mama wa parke, amwambie: umusambi anazaa kule. Ule mama akajibu na barua, na Riziki alinisomea mara tatu ju nisisahau. Akasema, kama kweli anazaa, wataandika upya. Na kama wamama wanaweza kuonyesha kuko namna yao ya kukata yenye inaacha ndege, basi wanaweza kuandikwa nao mu karte, na upande wao wa kukata. Si ahadi, akasema. Lakini waonyeshe. Kusema tu haitoshi.

Wamama wanasema nimewauza. Ntawaambia nini? Niliwadanganya juu ya nyoka. Nitaanzia pale, mbele yao wote, kisha watanitukana, kisha tutaenda. Na kama watafunga bwawa na kamba na walinzi, na sisi tukose hata jani moja, itakuwa mi. Nimefikiria sana ile. Lakini mayai ni mawili, Zaituni, na ule bwana wa vijiti anarudi juma ijayo.

Jana nilienda kuangalia. Ya mwaka huu sikufunga mi, unajua. Lakini kitenge yako ya kiangazi cha mwisho iko bado, ile ya maua ya njano uliyopasua nikikugombeza. Imekuwa nyeupe na jua. Na chini yake ingine ya zamani, na chini yake ingine. Zaituni, umefunga pale miaka yote, fundo juu ya fundo, hukufungua hata moja! Njo hiyo ntaonyesha. Ule mama ataniuliza nani alifundisha wamama kukata hivi, na mi ntasema jina lako, lako na la baba yako, aandike.

Na kila kiangazi ntafunga mi. Mpaka magoti ikatae. Kisha Riziki, usinikatalie Riziki, andika.

Nikuage vipi, mi sijui kuaga, we njo ulikuwa unasemaga—

Ee! Ni gari? Anaita nani, Mama Shukuru? Mwambie nakuja. Mwambie aniletee muhoro... apana, aiache. Nipe ile kitenge yangu ya kijani, Riziki, na makasi. Nakuja!