Msitu Wamekupa Wewe

Wambura mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Finland kwenye baridi. Mimi mzima, ila vidole vya miguu sivisikii. Goti la mama linaendeleaje? Ng'ombe wamepata majani, au mvua bado inawachezea hapo Nyamuswa? Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu ningekukatia kabla sijamaliza.

Nimesikia kwamba, baada ya msiba wa baba mdogo, wazee wa ukoo wamekukabidhi wewe msitu wa mababu uulinde. Mama ndiye aliyeniambia, tena kwa furaha. Nikamuuliza, mbona mimi ndiye mkubwa? Akasema, "Mlinzi wa msitu analalaga nyumbani, Magesa. Wewe unalalaga wapi?"

Hongera, basi. Lakini nakuonea wivu, Wambura, na sitakuficha. Nimevuka bahari kusomea misitu, na huko kuisomea ndiko kulikoninyima wa kwetu.

Huku familia nyingi zina msitu wao. Wanakata miti, wanauza, wanapanda mingine, yote kwa mpango. Na mtu yeyote anaingia kuchuma matunda ya porini bila kubisha hodi. Wiki iliyopita tulipelekwa kupima miti. Tulipofika ukingoni nikavua viatu, kama tunavyovua kwetu kabla ya kuingia. Kwenye theluji! Wenzangu wakabaki wananitazama, mwalimu akaniuliza kama nimeumia. Nikasema kuna jiwe kwenye kiatu. Ningewaelezaje? Nikavaa, nikapima siku nzima huku najiona kama mwizi kwenye shamba la watu. Nikawaza kwamba wewe muda huo uko ndani ya msitu wetu, peku, ardhi ina joto, unawasalimu mababu nao wanakusikiliza wewe. Roho iliniuma sana.

Sasa umeniuliza kuhusu ule mkuyu ulioanguka juu ya chemchemi, kwamba wazee wamekuruhusu kuingiza msumeno mara hii moja, ila unataka kauli ya mtaalamu. Mtaalamu anasema ukate. Msitu hautadhurika, na maji yatarudi kwenye njia yake. Unaweza kuukata hata kesho.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie mkeo na shangazi wa Kamunyonge, ambaye dagaa zake nilizokuja nazo zimeisha.

Ila huo mkuyu, mdogo wangu, nakuomba usiukate mpaka nirudi Juni. Maji yanapita pembeni, hakuna atakayepata shida. Sina sababu ya kitaalamu. Azima tu ule msumeno mrefu wa watu wawili, unipokee pale ukingoni, uniingize. Ushike upande wako, nami unipe wangu.

Magesa,
kaka yako mkubwa. Hilo bado hawajakupa wewe.