Tovuti Niliyoipitisha kwa Dole Gumba

Jumamosi, Juni. Baridi.

Nguo nilizofua Alhamisi bado zina maji kwenye kamba. Ukungu wa Mbinga siuoni tena, naujulia kwenye nguo. Moyo wangu nao leo umelowa hivyo hivyo.

Niandike tu, nisije nikalala na jambo hili moyoni.

Jana niliitwa ofisini kwa chama chetu cha wakulima wa kahawa. Wametengeneza tovuti ya kujiandikisha kupata mbolea, na kabla ya kuifungua Jumatatu walitaka sisi wenye ulemavu tuijaribu. Tulikuwa wawili: mimi nisiyeona, na baba mmoja kiziwi aliyepanda huku juu kutoka Ngumbo, ziwani. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mwaka jana shemeji yangu alinijazia fomu, akaweka namba yake ya simu, na hadi leo ujumbe wote wa kahawa yangu unakwenda kwake. Habari za shamba langu nazipata siku shemeji akikumbuka.

Msimamizi alikuwa Denisi, fundi kompyuta wa chama. Nilimfundisha darasa la kwanza, macho yangu yakiwa bado mazima.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Denisi. Hujambo?"

Kichwa kikanivimba. Nakiri.

Nilikuwa nimeanza kuusikiliza ukurasa kwa ile programu inayonisomea, inayotamka Kiswahili kama padri mgeni wiki yake ya kwanza. Denisi akaizima. Alisema inapiga kelele, nitachoka bure.

"Mwalimu, wewe kaa tu. Niambie unataka nini, mimi nitabonyeza."

Kwetu mkubwa hahangaiki mdogo akiwepo. Basi akabonyeza. Jina akaliandika yeye, kijiji akakichagua yeye. Yule baba wa Ngumbo hakuletewa mkalimani wa lugha ya alama, kwa hiyo maswali yake yote aliulizwa mpwa wake. Saa nzima sikugusa kitufe hata kimoja, mimi ninayepita peke yangu shambani kati ya mashimo ya ngoro, yale tunayochimba mteremkoni kuzuia mmomonyoko, bila kushikwa mkono.

Nilitaka kusema. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa tamu kuitwa Mwalimu tena, na kwa sababu niliona haya kumkosoa mbele ya wakubwa zake waliokaa pale wakitutazama.

Mwishoni akanisomea karatasi: tovuti imejaribiwa na watu wenye ulemavu, inafaa. Kisha akanishika kidole gumba, akakichovya kwenye wino.

Mimi niliyemfundisha kuandika jina lake.

Leo asubuhi nimeifungua tovuti ile kwa simu yangu, kwa kiungo cha majaribio tulichopewa jana, peke yangu. Jina niliandika vizuri. Nikashuka kutafuta pa kuthibitisha. Simu ikasema, "Kitufe." Nikasogeza. "Kitufe." Nikasogeza tena. "Kitufe." Vitatu, na hakuna chenye jina. Nikabonyeza kimoja, fomu yote ikafutika. Nikaanza upya, nikabonyeza kingine, ikanitaka niandike herufi zilizo kwenye picha.

Picha!

Mchana shemeji alipita kuuliza kama anijazie tena. Nilimwambia asubiri. Akacheka, akasema kidole changu bado kina wino.

Nimelia kidogo. Wapo wasioona wengine, Kitai, Tingi na kwingineko, watakaokwama hapo hapo nilipokwama na kudhani ujinga ni wao, maana karatasi inasema mwenzao aliweza. Denisi alikosea kwa heshima. Mimi nilijua, na bado nikatoa kidole.

Jumatatu nitapanda ofisini mapema, kabla hawajaifungua, na visikizio vyangu vya masikioni. Nitaiomba karatasi ile, tuanze upya, na Denisi aweke mikono yake mfukoni hadi nimalize au nishindwe mwenyewe. Yule baba wa Ngumbo naye aitwe tena, na mkalimani wake.

Maneno nimeyapanga. Ninachoogopa ni ile shikamoo. Nikishaitika marahaba, nitayasema kweli?